K ya Kwenda, K ya Kurudi

Nianze na aibu yenyewe nisiizungushe: kuna Jumapili moja, mimi Fundi Mlondani wa Baraka, mtu aliyejitengeneza mwenyewe bila kushikwa mkono na mtu, nilifanya kanisa zima linyamaze kunisikiliza, na sikuwa hata nimefungua mdomo. Mpaka leo nikipita sokoni kuna mama mmoja muuza ndagala, dagaa wa ziwa, ananikoholea. Hasemi kitu, anakohoa tu mara mbili, kavu, halafu wenzake wanaficha uso katika kitenge, na mimi naenda zangu kama sikusikia. Basi nitasema yote, na ninyi mucheke muishe.

Kwanza mujue mimi ni nani. Shule niliacha mwaka wa tatu, mwalimu akaniambia kichwa changu ni jiwe, sawa, lakini katika jiwe munatoka moto. Radio zote za kutoka Mboko mpaka Kazimia zilipita katika mkono wangu. Nilijifunza kwa kuumwa na umeme, kila kosa umeme unakuuma na husahau tena, ni shule gani inafundisha vile? Na kazi yangu kubwa kuliko zote ilikuwa ampli ya gitaa ya lampe. Si zile za siku hizi zenye vijiwe vidogo ndani, hapana, lampe za kioo, zinawaka rangi ya chungwa kama makaa ya jiko la mama yako. Nilikuta mzoga wa radio kubwa ya zamani katika nyumba iliyoachwa, nikachukua lampe mbili ndogo na mbili kubwa, nikatengeneza ampli peke yangu. Hata Uvira mjini hawakuwa nayo. (Labda walikuwa nayo. Mimi sikuiona.)

Sasa hiyo ampli ndiyo iliyonitenga na mke wangu.

Vita vya pili vilipofika kwetu, watu walikimbilia ziwani. Mke wangu, Nyassa, mama ya Asende, alikuwa na watoto watatu na sufuria mbili, tukateremka pamoja mpaka kwenye maboti ya Kazimia. Mimi nilibeba ampli kichwani. Mwenye boti akasema, mtu ao sanduku, chagueni. Mtu yeyote mwenye akili angeliacha sanduku palepale kwenye mchanga. Mimi nikamwambia Nyassa, "Endeni. Mi nabakia kulinda kazi. Nitawafuata." Akaniangalia mimi, akaangalia ampli, akasema, "Basi lala nayo." Boti ikaondoka kuelekea upande wa Kigoma, ng'ambo ya ziwa.

Nikarudi Baraka na lampe zangu nne, zima zote, hata moja haikupasuka.

Sitawadanganya juu ya ile miaka. Baraka ilikuwa inajaa na kumwagika: leo watu wako, kesho wamelala mashambani, kesho kutwa wamerudi nusu. Nyumba yangu ilikuwa na kitanda cha watu wawili na mikeka mitatu ya watoto iliyosimamishwa ukutani, na sahani saba, na mimi nilichafua moja tu. Lakini nje! Nje nilikuwa jogoo. Mtu akiniuliza habari za mama Asende, nasema, "Yule? Analia kule kila siku anataka kurudi, mi ndiye namuambia bado. Mimi sibembelezi mwanamuke." Na walicheka, na nilicheka, na nikaenda nyumbani kuosha sahani moja.

Ukweli ni huu: mwenye boti mmoja wa Kazimia, Bwana Ramazani, mtu mzuri wa msikitini, asiyependa maneno mengi, alikuwa anavuka na kurudi, na siku moja alinifikia kwenye karakana akasema, "Mama Asende anakusalimia. Anasema, kama unamutaka, useme kwa mudomo wako." Basi. Mlango wa kurudi kwa mke wangu ulikuwa umefungwa na kifunguo kimoja tu, mdomo wangu, na mdomo wangu ndio kitu ambacho sikujua kukitengeneza.

Siku zile barua zilikuwa za kaseti. Kuandika hatukujua wote, na karatasi inalowa, lakini kaseti unaizungushia plastiki, inavuka ziwa, mtu anasikia mpaka pumzi yako. Nami nilikuwa na kaseti mbili tupu, nzuri, za mwisho. Moja niliiweka kwa ajili ya Nyassa. Ya pili ilikuwa ya kanisa, na hapo ndipo lazima niwaeleze kazi kidogo, muvumilie, si ngumu.

Shemeji yangu Etabo, mdogo wake Nyassa wa tumbo moja, ndiye alikuwa mpiga gitaa wa kwaya yetu. Alikuwa amewahi kupiga katika orkestra kule Uvira, kwa hiyo alijiona anajua. Alitaka eko, ile gitaa inaita na inajibiwa, kama mtu anayepiga kelele kwenye bonde la Bibokoboko. Mashine ya eko tungelitoa wapi wakati wa vita? Nikaitengeneza. Nilichukua radio-kaseti, nikatoa kile kichwa cha kufuta, mahali pake nikaweka kichwa cha kuandika. Sasa bande, ule utepe wa kaseti, inapita: hapa inaandikwa gitaa, kidogo mbele inasomwa. Ile nafasi kidogo ndiyo eko. Mtu wa mwaka wa tatu alifanya hiyo! Na nikaifungia yote ndani ya kisanduku cha mbao na visi nne, zile skrubu, kwa sababu Baraka imejaa wezi wa akili, sikutaka mtu aone kwamba eko yangu ya Ulaya ni kaseti tu.

(Mukumbuke kwamba nilitoa kichwa cha kufuta. Kitu chochote kilichokuwa kwenye bande kinabaki kwenye bande.)

Halafu ampli yenyewe lazima itobolewe matundu mawili: moja sauti itoke iende kwenye eko, lingine irudie. Kwenda na Kurudi. Swali ni, utoboe wapi? Gitaa inaingia kwanza kwenye lampe ndogo, hizi zinaipa sauti. Inapita kwenye butoni ya volimi. Inafika kwenye lampe kubwa, hizi zinaipa nguvu. Inatoka kwenye bafle, ile spika kubwa. Ukitoboa kabla ya lampe ndogo, eko inapondwa pamoja na gitaa, inakuwa uji. Hiyo hata Etabo alijua. Sasa yeye akasema:

"Shemeji, toboa katikati ya lampe ndogo na volimi. Vile nikipunguza volimi, gitaa na eko vinashuka pamoja."

"Mi naitoboa nyuma ya volimi, karibu na lampe kubwa."

"Juu ya nini?"

"Juu pale sauti imeisha kupozwa, haitasonga kaseti. Tena pale hakuna muntu atagusa butoni apunguze eko yangu. Eko ya Mlondani haipunguzwi."

"Na kama ikiharibika? Utaizima na nini?"

"Kitu yangu haiharibikake."

Alicheka, akasema, "Shemeji, we uko na volimi wapi, we mwenyewe?" Nami nikatoboa nyuma ya volimi. Ule ulikuwa uamuzi mdogo wa kwanza, tundu la upana wa kidole.

Wa pili ulikuwa mdogo zaidi, ulikuwa herufi moja. Nilikuwa nimeona vitu vya kiwanda, kwenye matundu yake wanaandika herufi moja tu, safi, ya kiserikali. Nikasema hata mimi. (Na tena, niseme ukweli, neno zima linanichukua muda na mkono unatoka jasho.) Kwa hiyo nikachukua rangi nyeupe, kwenye tundu la Kwenda nikaandika K. Kwenye tundu la Kurudi nikaandika K. Nikarudi nyuma hatua mbili nikaangalia, nikajisifu. Rangi ilibaki kidogo, nikaona isipotee bure, nikaandika na zile kaseti: ya kanisa, K. Ya Kigoma, K.

Mumeona? Mimi sikuona.

Barua ya Nyassa niliirekodi mchana mmoja wa mvua. Nilichagua mvua makusudi, kwa sababu inapiga bati na jirani hasikii. Nikafunga mlango wa karakana, nikabonyeza, nikakaa mbele ya mikro ya kurekodia kama mtu mbele ya hakimu wa tribinali. Kwa muda mrefu haikutoka kitu, mvua tu na kukohoa kwangu. Halafu ikatoka yote. Sikuisikiliza tena, mtu hawezi kujisikiliza vile. Nikaiweka kwenye meza pamoja na mwenzake.

Ijumaa Bwana Ramazani alipita kwa haraka, boti inavuka Jumamosi. Nikamkabidhi kaseti yenye K. Akaigeuza mkononi. "Ni ya mama Asende?" Nikasema, "Si unaona K? Ya Kigoma." Akaweka kwenye mfuko wa kanzu, akaenda, na mimi siku hiyo nililala mchana kama mtoto aliyenyonya, kwa sababu maneno yalikuwa yametoka mwilini na yako njiani.

Jumapili ilikuwa ya mavuno. Watu walikuwa wametoka mashambani walikojificha, wengine walitoka Fizi kwa miguu, wengine Mboko, na bamama walileta mihogo, mahindi, mchele wa shamba, kuku waliofungwa miguu. Miezi mingi kanisa halikujaa vile. Jua kali, mihogo ya watu imeanikwa kila mahali nje, gurupe la umeme, jenereta ya kanisa, linanguruma nyuma ya ukuta. Nilivaa koti. Nikaingiza kaseti yenye K katika kisanduku, nikabonyeza, nikafunga visi nne, nikachomeka waya, K na K, nikakaa karibu na ampli yangu, mguu juu ya mguu, watu waone.

Wimbo wa kwanza ulianza mara moja, Etabo akapiga gitaa, na eko ikajibu! Watu wakageuka. Mzee mmoja alisema "Eee, Yesu." Pasta alitikisa kichwa kwa furaha. Nilijiona ninaelea juu ya benchi. Nikawaza: kesho kutwa Nyassa atasikia sauti yangu, na hapa watu wanasikia kazi yangu, Mlondani leo uko pande zote mbili za ziwa.

Halafu kwaya ikanyamaza kupisha gitaa, na mvua ikaanza kunyesha.

Nje jua, ndani mvua inapiga bati, kubwa, kutoka kwenye bafle. Watu wakaangalia juu. Mama mmoja katika benchi la tatu (huyuhuyu wa ndagala) akasimama akapiga kelele, "Muhogo yangu!" akakimbia mlangoni, na bamama wengine sita nyuma yake, na wakasimama pale kwenye kizingiti wakiangalia jua, wameweka mkono kwenye paji la uso. Etabo aliacha kupiga. Na ndani ya kimya kile, bafle ikakohoa. Mara mbili. Kavu.

Nilikitambua kile kikohozi. Mtu anakitambua cha kwake.

"Nyassa," bafle ikasema. "Ni mi. Ni Baba Asende."

Mikono ya fundi haingoji kichwa. Ilienda yenyewe kwenye butoni ya volimi, ikaizungusha mpaka chini. Na mvumo wa gitaa ukafa palepale, sauti yote nyingine ikafa, na mimi nikabaki, safi, wazi, bila kitu cha kunifunika, kwa sababu tundu lilikuwa nyuma ya volimi, kwa sababu eko ya Mlondani haipunguzwi.

"Batu ba huku nabadanganya," nikasema kwenye bafle. "Nabaambia unanililia. Si we. Ni mi."

Hapo kulikuwa na kicheko kidogo nyuma, kwa vijana. Nikashika waya. Nikasoma: K. Nikavuta. Sauti ikaendelea. Mtu yeyote angelivuta na ule wa pili, najua, munanipigia kelele sasa hivi, lakini mimi niliamini nimevuta wa Kurudi! Nilisoma K, nikaona Kurudi, nikavuta, na kumbe nimevuta wa Kwenda. Kwa hiyo akili yangu ya fundi ikaniambia: sauti haipiti tena hapa, imevuja ndani ya ampli, hakuna njia isipokuwa kuzima. Na kuzima, hiyo ampli haikuwa na suiti ya kuzimia, ilikuwa imeungua, nilifunga waya moja kwa moja nikasema nitaweka nyingine. Kisanduku kina visi nne na tournevis ya kuzifungulia iko nyumbani. Basi lilibaki gurupe, nyuma ya kanisa, na kufika kule lazima nipite katikati ya benchi zote, mbele ya macho yote, na wale bamama sita kwenye mlango.

Nilitembea. Sikukimbia, nilijiambia nikikimbia ndiyo aibu. Na wakati natembea sauti yangu ilinisindikiza:

"Ile mbuzi ya mama yako, si baaskari baliichukua. Ni mi nilikula. Peke yangu, juma muzima. Ilikuwa chungu. Nyama ya kukula peke yako iko chungu, sikujua."

Kicheko kikubwa hapo. Kanisa lote. Hata pasta, nilimwona ameweka Biblia mbele ya mdomo. Mama wa ndagala alinipisha mlangoni, akasema polepole, "Pole, Baba Asende, pita." Hiyo pole ilikuwa na meno.

Nikatoka, nikazunguka ukuta. Na hapa, rafiki zangu, ndipo pabaya. Si kile kicheko. Nilipofika nyuma nikiwa na mkono karibu na gurupe, kicheko kilikuwa kimekwisha. Ndani hakuna mtu aliyekohoa, hakuna benchi lililolia. Na mimi nimesimama nje peke yangu katika majani, katika moshi wa mazout, ninajisikia kupitia ukutani kama mtu mwingine:

"Nalala upande wako. Upande wangu naacha wazi. Vile naona ni mi ndiye sipo, we uko. Kanisani naenda kila Jumapili, pasta asifikiri ni juu ya neno lake. Naenda kusikia batoto ba batu bakikohoa. Mikeka ya batoto betu nimeisimamisha ukutani. Nilichagua sanduku, Nyassa. Nilichagua mubaya. Mama Asende, ru..."

Hapo nilizima. Mukumbuke, lampe si kama vitu vya siku hizi: ukizima umeme, moto unabaki kwenye kioo, sauti haikatiki, inakwenda inapungua, inakuwa nzito, inashuka, kama mtu anayezungumza huku anaondoka kwa miguu. Nilikuwa nimezima na bado nikajisikia, "rudi", na tena chini zaidi, "rudi", mpaka ikawa si neno tena.

Nilingoja mtu atoke aniite. Hakutoka mtu. Halafu wakaanza kuimba wenyewe, bila gitaa, bila ampli, na wimbo ulikuwa mzuri, ilinihuzunisha kuona jinsi ulivyokuwa mzuri bila kitu changu. Nikapita nyuma ya nyumba za watu, katikati ya mihogo iliyoanikwa, mpaka kwangu.

Mchana Etabo alikuja na kisanduku kwapani. Nilingoja matusi ya mbuzi. Akakaa, akasema:

"Shemeji, ile mbuzi ilikuwa na mafuta?"

"Kidogo."

"Mama alilia ile mbuzi." Halafu akasema, "Fungua. Haikuzima hata ulipoikata gurupe, iko inatumia mabuye yake. Iko inalia ndani kama panya."

Nikafungua visi. Mabuye ya radio, yaani betri, yalikuwa yamechoka, mashine ilikuwa imetafuna bande, imeizungusha kwenye mpira, imeikata vipande vitatu vilivyokunjamana kama utumbo wa samaki. Kaseti ilikuwa imebaki na jina lake: K. Na hapo ndipo kichwa changu cha jiwe kilipotoa moto. Kama hii ilikuwa ya Kigoma, basi kile alichoweka Bwana Ramazani kwenye kanzu yake kilikuwa cha kanisa.

"Shemeji," nikasema, "dada yako nimemutumia kaseti tupu."

Etabo hakucheka. Alikuwa anamjua dada yake. Mwanamke amekuambia useme kwa mdomo wako, na wewe unamtumia bande isiyo na neno, pande zote mbili.

"Rekodi ingine," akasema. "Kanisa nzima imeisha kukusikia, sasa unaogopa nani tena?"

Nilijaribu. Nilitafuta kaseti, nikapata ya zamani ya nyimbo, nikangoja mvua, nikafunga mlango, nikakaa mbele ya mikro. Haikutoka. Nilisema, "Nyassa, ni mi," halafu nikasikia kanisa linacheka, halafu nikasikia kanisa linanyamaza, ile ya pili ndiyo iliyonifanya nizime mashine. Siku nne nilijaribu. Na mara risasi zikaanza tena upande wa ziwa, maboti yakalala, na sikuwa na njia hata ya kutuma ujinga.

Mjini watu waliikariri barua yangu. Wanawake waliitumia kuwachoma waume zao: "Si umusikie Baba Asende!" Vijana wakikutana na mbuzi njiani waliisalimia kwa jina langu. Watu wote wa Baraka waliisikia ile barua, na wa Fizi, na wa Mboko, isipokuwa yule mmoja ambaye ilikuwa yake.

Maboti yalipoanza tena kuvuka, Bwana Ramazani alikuja. Alitoa kaseti katika kanzu. Ileile, na K yangu nyeupe. "Mama Asende amekurudishia." Nikamuuliza, amesema nini? "Hakusema kitu. Alisema tu nikupatie kwa mukono wako."

Nikafunga mlango. Nikaweka upande wa kwanza: bande tupu, kama nilivyoituma. Nikangoja mpaka mwisho, mashine ikajizima. Nikageuza upande wa pili. Kimya. Lakini mimi ni fundi, na sisemi hii kwa kujisifu (kidogo tu): bande tupu na bande iliyorekodi kimya si kitu kimoja. Bande tupu inavuma kama sikio lililoziba. Hii ilikuwa na nafasi ndani. Nikapandisha volimi. Kwa mbali, kuku. Upepo kwenye plastiki ya paa, ile ya kambi ya wakimbizi, inapigapiga. Mtoto akakohoa, na nilijua ni yupi. Sufuria ilifunikwa. Na karibu sana na mikro, karibu kuliko vyote, mtu anapumua. Hasemi. Anapumua upande mzima, hata mwisho, kama mtu aliyekaa kwenye mlango akingoja mwingine aanze.

Alibonyeza rekodi, akakaa nami.

Nilisimama, nikachukua koti. Ampli nikaifungia ndani na kufuli, halafu nikafikiri, nikafungua tena, nikampelekea Etabo, nikamwambia ikiibiwa iibiwe. Nikateremka Kazimia kwa miguu. Kwenye boti ya Bwana Ramazani sikuwa na kitu kichwani wala mikononi, ila kaseti mfukoni, na mawimbi yalinitapisha kutoka pwani mpaka pwani, mbele ya bamama, hiyo nayo ni aibu nyingine, siihesabu.

Nilimkuta mlangoni pa nyumba ya plastiki, anachambua maharagwe. Watoto walikuwa wamekuwa warefu bila ruhusa yangu. Hakusimama. Aliniangalia juu mpaka chini, akaangalia mikono yangu kama imebeba sanduku. Akaona kaseti. Akainyooshea kidole, kwenye ile herufi.

"Hii K uliandika, Baba Asende. Nimeiangalia miezi yote. Ni K ya nini?"

Ilikuwa ya kanisa. Mimi ninajua ilikuwa ya kanisa. Maneno yote ya ile barua, ya mikeka, ya kitanda, ya mbuzi (ya mbuzi niliona ningoje), yote yalikuwa yamebaki kanisani kule Baraka, na hapa nilikuwa na herufi moja.

"Ya kurudi," nikasema.

Akachambua maharagwe. Akatupa jiwe moja dogo, na lingine.

"Nani arudi? Mi, ao we?"

Nilikaa chini pembeni yake, nikaanza kuchambua nami. Nilikaa kule majuma matatu, halafu nilirudi peke yangu, kwa sababu bunduki zilikuwa bado kwetu na watoto walikuwa wameanza shule, na aliniambia wazi kwamba atavuka siku ziwa litakapotulia, si siku moja kabla. Ilichukua muda mrefu. Kila mwezi nilimtumia kaseti, nikisema kwa mdomo wangu, mbaya, ninakwama, ninakohoa.

Alivuka. Yuko huku, ndiye aliyeniruhusu nisimulie hii, ingawa anasema nimeipunguza mbuzi.

Ampli bado inafanya kazi. Matundu niliyaziba, nikatoboa mapya kabla ya volimi, pale Etabo aliposema, na suiti nikaweka mbili. Na nimeapa: herufi moja peke yake sitaiandika tena maisha yangu yote. Pita kwangu uone. Hapa imeandikwa KWENDA, neno zima. Hapa KURUDI, neno zima, limepinda kidogo mwishoni, kwa sababu mkono ulitoka jasho.